Mistari minne kwa namba moja

Ilikuwa saa mbili kasorobo usiku, umeme umekatika, na laptopu yangu ilishazima. Tulibaki na simu yangu tu, mimi na kijana mmoja ninayefanya naye kazi, tumeinamia kioo chake ndani ya Termux, programu ya kuandikia amri kwenye simu ya Android. Nilikuwa namfundisha kusoma lugha ya mashine. Unaandika kipande kidogo cha C, unaiambia clang, kompaila inayogeuza C kuwa amri za mashine, ikupe amri zenyewe badala ya programu iliyokamilika, kisha unazisoma moja baada ya nyingine.

Kipande chenyewe kilikuwa FNV-1a, ile hashi ya Fowler, Noll na Vo, njia ya kugeuza data yoyote kuwa namba moja ya kuitambulisha. Huanza na namba moja ndefu, 14,695,981,039,346,656,037, kisha kila baiti huchanganywa kwa XOR (biti zikitofautiana jibu ni 1, zikifanana ni 0) na matokeo huzidishwa. Kwenye C namba hiyo ni mstari mmoja. Kwenye simu ilitoka hivi, kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa kumi na sita zinazoanza na 0x:

    mov   x8, #0x2325
    movk  x8, #0x8422, lsl #16
    movk  x8, #0x9ce4, lsl #32
    movk  x8, #0xcbf2, lsl #48

"Kaka, mbona namba moja imekuwa mistari minne?"

"Kwa sababu ni kubwa."

Akaitikia kwa kichwa, tukaendelea. Umeme uliporudi kila mmoja akashika njia yake.

Jibu lile lilinisumbua wiki tatu. Nilikuwa nalikumbuka kwenye daladala, nalikumbuka nikioga. Nilijua lina kasoro ila sikujua iko wapi, na nilichokuwa nimempa yule kijana ni kitu ambacho angekibeba miaka yote akiamini ni elimu.

## Pishi na kibaba

Sehemu moja ya jibu ilikuwa sahihi, tuanze nayo.

Kwenye Arm ya biti 64, aina ya prosesa iliyomo kwenye simu yangu, kila amri ina biti 32. Iwe inajumlisha, inaruka au inaandika kwenye kumbukumbu, urefu ni uleule. Namba yangu peke yake ina biti 64. Hata ukifuta kila kitu kingine ndani ya amri, nusu ya namba inabaki nje. Na huwezi kufuta kila kitu, maana amri lazima iseme inafanya nini na matokeo yaende rejista gani, yaani kisanduku kipi ndani ya prosesa. Nilikaa na karatasi nikaihesabu hiyo `mov`: biti 8 zinaitambulisha amri, 1 inasema rejista ni ya biti 32 au 64, 2 zinasema namba iwekwe sehemu ipi ya rejista, 5 zinataja rejista yenyewe. Jumla 16. Zinazobaki kwa ajili ya namba ni 16.

Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na pishi moja ni vibaba vinne. Hapa hesabu ni hiyohiyo hasa. Rejista ni pishi, amri hubeba kibaba, na 64 ukigawa kwa 16 ni nne. `mov` ya kwanza humwaga kibaba cha chini na kufuta kilichokuwemo. Kila `movk` inayofuata huongeza kibaba kimoja mahali pake bila kugusa vilivyotangulia.

Kwenye kompyuta za Intel na AMD hadithi ni nyingine, kwa kuwa huko amri hazina urefu mmoja. `movabs` ina baiti 10: mbili za amri, nane za namba yote nzima kama ilivyo. Mstari mmoja umemaliza.

Kwa hiyo jibu bora lingekuwa "kwa sababu amri ni fupi". Ningeweza kuishia hapo.

Ila bado halikutosha.

## Laki moja

Jumamosi moja asubuhi nikaandika vitendaji viwili vidogo, yaani vipande vya programu vinavyorudisha jibu. Cha kwanza kinarudisha laki moja. Cha pili kinarudisha namba kubwa kuliko zote zinazoingia kwenye biti 64, yaani 18,446,744,073,709,551,615. Kama ukubwa ndio sababu, nilijua kipi kitakuwa kirefu.

Laki moja:

    mov   w0, #0x86a0
    movk  w0, #1, lsl #16

Namba kubwa kuliko zote:

    mov   x0, #-1

Nilitazama kioo kwa muda mrefu. Laki moja, pesa ya kwenda nayo sokoni, inadai amri mbili. Namba ambayo sijui hata kuitamka inadai moja.

Nikaendelea kujaribu. 65,535 ni amri moja. 65,536 ni amri moja pia, kwa sababu ni kibaba chenye 1 kilichosogezwa nafasi moja juu. 65,538 ni amri mbili. Bilioni moja ni mbili. Mbili kwa kipeo cha 63, ambayo ni kubwa kuliko bilioni hiyo mara bilioni tisa na zaidi, ni moja.

Mashine haiulizi namba ni kubwa kiasi gani. Inauliza imeumbwaje.

Ukifikiri vizuri, hata sisi tunafanya hivyo tunapohesabu kwa mdomo. Laki moja ni maneno mawili. Punguza moja tu na unapata elfu tisini na tisa, mia tisa tisini na tisa, maneno tisa. Namba imepungua, usemi umerefuka, kwa kuwa tuna neno "laki" na hatuna neno la ile iliyo nyuma yake. Arm nayo ina maneno yake. Laki haimo.

## Kasoro

Rudi kwenye sentensi ya kwanza ya makala hii. Sikusema "saa moja na dakika arobaini na tano". Nilisema saa mbili kasorobo. Niliivuka saa ninayoitaka kidogo, nikasimama kwenye namba nyepesi kutamka, nikarudi nyuma robo.

Hiyo ndiyo siri ya ile `mov x0, #-1`. Ndani ya amri halisi kuna kibaba chenye sifuri, na amri yenyewe, ambayo jina lake kamili ni MOVN, hugeuza kila biti kabla ya kuandika. Sifuri zote zinakuwa moja. Namba iliyojaa biti za moja, ikiwa na kibaba kimoja tu cha tofauti, kama 0xFFFFFFFFFFFF1234, nayo inamalizika kwa amri moja. Kompaila huhesabu kwanza: je, vibaba vilivyojaa sifuri ni vingi, au vilivyojaa moja ndivyo vingi? Kisha huanza na upande wenye faida.

Lakini mahali ambapo kasoro inatawala kweli ni RISC-V, aina nyingine ya prosesa. Huko amri ya kawaida nayo ina biti 32, ila mgawanyo ni mwingine. `lui` hubeba biti 20 za juu, `addi` hujumlisha biti 12 za chini. Ishirini na kumi na mbili ni 32, kwa hiyo nilidhani utazikata tu na kuziunganisha. Nikachukua 0x12345ABC, nikasubiri kuona 0x12345 na 0xABC.

    lui   a0, 0x12346
    addi  a0, a0, -1348

Sita imetoka wapi? Na hiyo hasi?

Mara ya kwanza nilidhani nimekosea kunakili. Kumbe zile biti 12 za `addi` zina alama ya chanya au hasi: zinaanzia -2048 na kuishia 2047. 0xABC ni 2748, haimo ndani ya mpaka huo. Basi kompaila huongeza moja kwenye sehemu ya juu, inavuka namba inayotakiwa, halafu inarudi nyuma 1348. Saa mbili kasorobo, herufi kwa herufi.

Namba ya biti 64 kwenye RISC-V huenda hivyohivyo kwa kurudia. LLVM, mradi ambao clang imejengwa juu yake, ina faili liitwalo RISCVMatInt.cpp linalofanya kazi hii, na nilipolisoma nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu. Linachukua biti 12 za mwisho pamoja na alama yake, linazitoa kwenye namba, linasogeza kilichobaki kulia, kisha linajiita lenyewe kwa hiyo namba fupi zaidi. Kila hatua huacha nyuma kusogeza kushoto kumoja na kujumlisha kumoja. Kwa amri za msingi tu, namba mbaya kabisa hufika amri nane.

Nane, kwa namba ambayo kwenye Intel ni mstari mmoja.

## Kugawa kwa tatu

Hapa ndipo nilipobadilika.

Mpaka wakati huo nilidhani namba hizi ndefu ni jambo la watu wa hashi na usimbaji fiche. Mimi siku nyingi naandika programu za kawaida: stoo, risiti, ripoti za mwezi. Namba yangu ndefu kuliko zote ni ya simu. Nikaandika kitu cha kawaida kabisa, gawanya namba ya biti 64 isiyo na alama kwa tatu.

    mov    x8, #0xaaaaaaaaaaaaaaaa
    movk   x8, #0xaaab
    umulh  x8, x0, x8
    lsr    x0, x8, #1

Hakuna kugawa. Kuna kuzidisha kwa namba kubwa mno, kuchukua biti 64 za juu za jibu, na kusogeza kulia mara moja. Torbjörn Granlund na Peter Montgomery walieleza namna hii mwaka 1994, na kompaila za leo hufanya hivyo bila kuombwa, kwa sababu kugawa ni kazi ya polepole kwa prosesa kuliko kuzidisha. Kila unapoandika `/ 10` ili kutoa tarakimu za risiti, namba kubwa inazaliwa nyuma yako.

Hilo nilikuwa nalijua nusunusu. Kilichonisimamisha ni mistari miwili ya juu. Namba ni 0xAAAAAAAAAAAAAAAB. Vibaba vyake vinne vyote vimejaa, hakuna cha sifuri, hakuna cha moja tupu. Kwa hesabu yangu ya pishi ilipaswa kuwa amri nne. Zilikuwa mbili, na ya kwanza imebeba biti 64 zote kwa mkupuo ndani ya amri ya biti 32.

Haiwezekani, nilijiambia. Nimeshahesabu, nafasi ni 16.

Usiku ule sikulala mapema. Jibu lilikuwa kwamba ile `mov` ya kwanza ni jina la heshima tu. Ndani yake ni ORR, amri ya mantiki, na amri za mantiki za Arm haziandiki namba kabisa. Zinaandika maelezo ya namna ya kuichora. Biti 13 zinasema: chukua kitalu cha biti 2, 4, 8, 16, 32 au 64, weka ndani yake mfululizo mmoja wa biti za moja, uzungushe nafasi kadhaa, urudie kitalu hicho mpaka rejista ijae. 0xAAAAAAAAAAAAAAAA ni kitalu cha biti mbili, "10", kilichorudiwa mara 32. Ni sawa na mshona ukili. Humpi kila jani lilipo, unamwambia mshono na anaujaza mkeka mzima.

Nikahesabu ni michoro mingapi inawezekana. Kitalu cha biti 64 kina mfululizo wa urefu 1 hadi 63 na mizunguko 64, kwa hiyo 4,032. Cha 32 ni 992, cha 16 ni 240, cha 8 ni 56, cha 4 ni 12, cha 2 ni 2. Jumla 5,334. Kati ya namba zote za biti 64, ni hizo tu zilizopewa njia hii. Na 0xAAAAAAAAAAAAAAAB haimo. Kompaila imeichukua jirani yake aliyemo, kisha ikarekebisha kibaba cha mwisho.

Kugawa kwa kumi ni vivyo hivyo. Namba yake ni 0xCCCCCCCCCCCCCCCD, kitalu ni "1100", amri mbili.

Nikajaribu saba, kama mtu anayegeuza siku kuwa wiki. Namba yake ni 0x2492492492492493. Ukiiandika kwa biti utaona mchoro mzuri, 001001001, unajirudia kila biti tatu. Jicho langu liliuona mara moja na nikategemea amri mbili.

Zilikuwa nne.

Kitalu cha biti tatu hakipo kwenye orodha ya Arm. Rejista ya biti 64 haigawanyiki kwa tatu, na vitalu vyote ni vipeo vya mbili. Uzuri nilioushuhudia mimi mashine hiyo haina neno la kuusema. Nakiri nilisikitika kidogo.

Nilifungua faili la LLVM linaloamua haya kwa upande wa Arm, AArch64ExpandImm.cpp. Linakwenda kwa subira. Je, amri moja inatosha? Je, mbili, moja ya mchoro na moja ya kibaba? Je, tatu? Likishindwa kote, linarudi kwenye vibaba vinne. Anayelisoma anaona kazi ya watu waliokaa na namba moja moja wakiuliza kama kuna njia fupi zaidi.

## Kwa nini tusiiweke ghalani?

Swali hili pia lilinisumbua. Kama namba haiingii kwenye amri, iweke kwenye kumbukumbu karibu na msimbo, kisha ipakie. Amri moja ya `ldr` ya baiti 4, pamoja na namba yenyewe ya baiti 8, jumla 12. Amri nne za kibaba ni baiti 16. Ghala linashinda kwa ukubwa.

Na ndivyo ilivyokuwa zamani. Arm ya kwanza, ile ya Sophie Wilson na Steve Furber wa Acorn iliyofanya kazi mwaka 1985, ilikuwa na biti 12 tu za namba ndani ya amri: 8 za namba na 4 za kuizungusha kwa hatua za mbilimbili. 255 inaingia. 1,020 inaingia, kwa sababu ni 255 iliyosogezwa nafasi mbili. 510 haiingii, kwa sababu ni 255 iliyosogezwa nafasi moja na hatua moja haipo. Zilizoshindikana ziliunganishwa kutoka vipande au kuwekwa ghalani, mwishoni mwa kitendaji, na kupakiwa kutoka hapo.

Lakini ghala lina gharama isiyoonekana kwenye orodha ya amri. Amri zinazofuatana huwa zimeshaletwa pamoja na msimbo unaotekelezwa, zipo mlangoni. Namba iliyo ghalani inapita njia ya data, na kama haimo kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, prosesa inasubiri safari nzima ya kwenda kwenye kumbukumbu. Amri nne za kibaba hazina siku mbaya. Tena baadhi ya kori za Arm hutambua `mov` na `movk` zikifuatana na kuzipitisha kama kitu kimoja. Na kuna mifumo inayozuia msimbo kusomwa kama data kwa ajili ya usalama. Humo ghala lililo ndani ya msimbo ni marufuku.

Mimi ningechagua amri nne. Kwenye RISC-V, zikifika nane, ningelitazama ghala kwa jicho jingine, na kompaila zake nazo huanza kulitazama hivyo mnyororo unaporefuka.

## Nje ya lupu

Kisha nikarudi kwenye hashi yangu, ile ya usiku wa giza, na kuisoma mpaka mwisho. Mwanzoni nilikuwa nimesoma mistari minne ya juu tu.

Ile namba ndefu imewekwa mara moja kabla ya lupu, sehemu ya msimbo inayojirudia. Namba ya pili ya FNV, 1,099,511,628,211, ambayo kwa heksadesimali ni 0x100000001b3, nayo imewekwa mara moja kwa amri mbili, maana vibaba vyake viwili ni sifuri. Ndani ya lupu kuna kupakia baiti, XOR, kuzidisha, kuhesabu na kuruka. Namba haziundwi tena. Hata faili likiwa na baiti milioni, zile amri nne hutekelezwa mara moja. Nilipima muda, nikapima tena. Hakukuwa na kitu cha kupima.

Je, wiki tatu zilipotea bure?

Nililiuliza hilo kwa uzito. Kisha nikaandika kitendaji kirefu chenye hesabu nyingi ndani ya lupu, mpaka rejista zikaisha. Kompaila ilipobanwa, baadhi ya namba iliziacha kwenye rejista, na nyingine iliziunda upya kila mzunguko badala ya kuzihifadhi kwenye rafu, sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea vitu kwa muda, na kuzirudisha. Preston Briggs, Keith Cooper na Linda Torczon waliandika juu ya uamuzi huu mwaka 1992: thamani ambayo ni rahisi kuiunda upya haina haja ya kutunzwa. Kwa hiyo uzito wa namba, amri moja au nne, ndio unaoamua ipi itupwe na ipi ishikiliwe. Hapo umbo la namba linaingia ndani ya lupu na kuhesabika kila mzunguko.

## Saa moja jioni

Jumatano nilimtafuta yule kijana. Nilimwambia jibu nililompa halikuwa sahihi. Nikamwonyesha laki moja, kisha ile namba kubwa kuliko zote. Hakusema kitu. Akachukua simu kutoka mkononi mwangu, akaandika mwenyewe kugawa kwa kumi, akasoma mistari yote minne taratibu, kidole kwenye kioo. Kisha akaandika kugawa kwa tano.

"Kaka, ni namba ileile. CCCC mpaka CCCD. Kilichobadilika ni hii tu."

Kidole chake kilikuwa juu ya `lsr`. Kwa kumi ilisogeza tatu, kwa tano ilisogeza mbili.

"Kwa nini?"

Nikatafuta karatasi na kalamu, tukavuta viti karibu na dirisha kabla mwanga haujaisha.